Bibi Harusi wa Sinema Bubu

Kama ulitaka kumjua yule Kampire aliyekuwa akicheka mpaka maziwa yanamwagika kwenye bidoni, pole, umechelewa. Huyu ninayekusimulia hakuwa mgonjwa, hakuwa na hasira, hakununa. Ukimwambia kula, anakula. Ukimwambia nenda kateke maji, ameshafika mtoni. Hata asubuhi ile ya Jumapili, siku ya Mungu, wakiwa wanakamua yeye na mama yake Libérata, alipoambiwa kwamba Gasana wa Karuba angekuja Alhamisi na watu wake kumposa, Kampire hakuinua uso.

"Sawa, mama," alisema, akaendelea kukamua.

"Sawa ya namna gani?"

"Sawa tu."

"Gasana ni muntu muzuri. Alifiwa na bibi yake wa ndoa, lakini hana makelele, hanywi, na ngombe zake unazijua. Sitaki kesho useme nilikulazimisha."

"Sitasema."

Libérata akamtazama ubavuni. Alikuwa ameshinda vita vya miaka miwili, na jamani, ushindi wenyewe haukuwa na ladha yoyote. Alizoea binti anayebisha. Huyu wa sasa ukimsukuma anakwenda, ukimwacha anasimama, na mama gani atafurahi kumwoza binti wa namna hiyo?

Vita vyenyewe vilianza kwa Tuyishime. Tuyishime alikuwa mtoto wa Mama Verdiane wa upande wa pili wa bonde, watu wa jembe, viazi na maharage tangu mababu. Kampire alikuwa mtoto wa ng'ombe na maziwa. Walipendana sokoni, mbele ya watu, bila kujificha, yeye akiuza maziwa na kijana akiuza viazi, wakirushiana maneno ya utani mpaka wanunuzi wanachoka kusubiri. Alipokuja kuposa, baba yake Kampire, mzee Sebarenzi, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akamwambia kwa upole kabisa, upole unaouma kuliko tusi: "Mutoto wangu, binti yangu hatoki hapa kwa magunia ya viazi. Leta ngombe."

Tuyishime akasema ataleta. Wiki ile ile akapanda pikipiki kwenda Walikale kuchimba madini, yeye na rafiki yake wa kunyonya pamoja, Jean de Dieu. Baada ya mwaka na miezi kadhaa, Jean de Dieu alirudi Kashuga, kijijini kwao katika milima ya Masisi. Alirudi peke yake.

Kampire alimkuta pale pikipiki zinaposimama. Kijana alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Tuyishime je?"

Jean de Dieu alimwangalia, kisha akaangalia viatu vyake. "Anakuja," alisema.

Basi. Neno moja. Kampire alilikalia neno hilo miezi minane. Mwanzoni alilikalia kwa furaha, baadaye kwa wasiwasi, na mwishowe akaacha kuhisi chochote. Uelewe shida yake ilikuwa wapi. Katika milima ile, msichana ambaye ng'ombe hawajafika kwao si mke wa mtu. Mchumba wake akiwa hai, hakuna atakayemruhusu kumngoja mpaka azeeke. Akiwa amekufa, hakuna atakayekuja kumwambia, wala kumpa nafasi kwenye mkeka wa kilio. Kampire hakuwa anaomba muujiza. Alitaka tu kujua moja kati ya mawili, ajue analia au anangoja. Na kwa kuwa hakujua, hakufanya hata moja.

Kitu kimoja tu alikuwa bado anakifanya kwa hiari yake. Kila siku ya Mungu, saa nane mchana, alikwenda ukumbi wa parokia kutazama sinema.

Sinema yenyewe, usinicheke, ilikuwa ya Wachina, ya zamani sana, nyeusi na nyeupe, na bubu. Haina sauti hata ya kuku. Padri Édouard alipewa ndani ya flashi na rafiki yake, pamoja na nyingine ambazo hazikukubali kufunguka. Siku ya kwanza ukumbi ulijaa mpaka madirishani kwa sababu vijana walitangaza kuwa ni karate. Watu wakangoja teke la kwanza. Likakosekana. Badala yake wakaona milima iliyokatwa ngazi ngazi kwa ajili ya mashamba, mvua ya mawe ikipiga mpunga mpaka chini, mzee akiokota punje kwenye matope, na mwanamke akivuta jembe kwa mabega yake mwenyewe kwa kuwa ng'ombe ameuzwa.  Kisha mama mmoja nyuma akasema, "Ee, hawa ni batu ba Masisi kabisa," na tangu siku ile hakuna aliyetaka nyingine.

Kila baada ya muda, maandishi ya Kichina yalijaa kwenye kitambaa cheupe, na hapo ndipo kazi ya Jean de Dieu ilipoanza. Yeye ndiye alikuwa mtafsiri. Kichina hakujua hata neno moja, na kila mtu alifahamu kwamba hajui, lakini alikuwa na sauti na alikuwa na mikro ya kusemea. Mwanamke wa sinema alimpa jina la Kamaliza. Mzee akawa Papa Albert. Mchumba wa Kamaliza aliondoka na kifurushi begani kwenda kuchimba makaa ndani ya mlima, na Jean de Dieu alimsemea kwa sauti nzito: "Kamaliza, usilie. Niko naenda kututafutia maisha. Nitarudi."

Na mwisho, kwa kinywa cha Jean de Dieu, alirudi. Picha ilikuwa imechakaa, imejaa mikwaruzo, lakini kila mtu aliona: Kamaliza amevaa nyeupe toka kichwani mpaka miguuni, watu wengi nyuma yake nao wamevaa nyeupe, wanaume wanane wamebeba malle, lile sanduku kubwa la mbao la vitu vya bibi harusi, na mmoja mbele anarusha maua njiani. "Muone ndoa," Jean de Dieu alisema kila wiki, na kina mama walipiga vigelegele mpaka mabati yakaitika. Kampire alikaa benchi ya mbele. Hakupiga vigelegele, hakutabasamu. Alitazama tu mpaka mwisho, akaenda nyumbani, akarudi wiki iliyofuata.

Siku hii ninayosema, siku ile ile ya habari za Gasana, spika ilikata katikati. Mchumba wa Kamaliza alikuwa ndio kwanza anafunga kifurushi chake. Jean de Dieu akapuliza mikro, akaigonga, akachomoa waya akachomeka. Kimya. Akajaribu kupaza sauti, lakini jenereta lilikuwa linanguruma nje ya dirisha na sauti yake haikufika hata benchi ya tatu.

"Wachia, Jean de Dieu," mtu akamwambia. "Tunaijua kwa kichwa."

"Nizime kidogo, nitengeneze," alisema.

"Usizime," watu wakasema, na hata padri akamfanyia ishara akae.

Akakaa. Hakukaa vizuri. Kampire, aliyekuwa hatua mbili tu kutoka kwake, aliona goti lake linacheza.

Kwa mara ya kwanza Kampire aliitazama sinema ile bila mtu wa kumwambia ni nini anachoona. Wale wa nyeupe walipotokea kwenye kilima, alimtazama Kamaliza usoni. Bibi harusi hakuinua kichwa hata mara moja. Wanawake wawili walikuwa wamemshika makwapani, na miguu yake ilikuwa inaburutwa zaidi kuliko kutembea. Yale maua yanayorushwa yalikuwa vipande vya karatasi. Kisha akawatazama wanaume wanane wenye malle. Kashuga, malle ya bibi harusi hutuliwa chini kila kona, watu wacheze, wabebaji waombe kinywaji, iinuliwe tena kwa makelele. Hawa hawakuitua. Mmoja alipochoka, mwingine aliingiza bega lake chini ya mti wa kubebea huku wanatembea, yule akatoka, na mzigo haukuyumba. Kampire alikuwa ameona watu wakibadilishana mabega namna ile. Kila mtu katika ukumbi ule alikuwa ameona, kwenye njia za kupandisha milima, nyuma ya tipoyi, machela ya mtu aliyefunikwa blanketi mpaka usoni.

Picha ikaisha. Kina mama wakapiga vigelegele kama kawaida. Kampire aligeuza shingo, akakuta Jean de Dieu haangalii kitambaa. Alikuwa anamwangalia yeye.

Alimfuata nyuma ya ukumbi, kwenye tanki la maji, alipokuwa anakunja waya.

"Ile haiko ndoa," Kampire alisema.

"Filme ni ya zamani. Haionekane muzuri."

"Jean de Dieu."

"Ndiyo."

"Mule mu malle muko nani?"

Aliendelea kukunja waya mpaka ukaisha. Akaukunjua, akaanza upya.

"Bwana yake," alisema.

"Ulijua toka siku gani?"

"Siku ya kwanza. Nilikuwa na mikro mu mukono, nikaona vile wanabadilisha mabega. Nilitaka kusema. Lakini nikakuona unakaa pale mbele, unaniangalia, unangojea nitasema nini. Kinywa kikasema ndoa."

"Na wengine wote hawakuona?"

"Ukiambiwa ndoa, unaona ndoa."

Kampire alisogea hatua moja. Hakuwa na haraka. "Wewe ulijuaje kwa mabega tu?"

"Nilisha kubeba vile."

"Ulibeba nani?"

Sasa waya ukaanguka chini.  Macho ya Jean de Dieu, yale macho makubwa ambayo wasichana wa kwaya walikuwa wanayasema, yalijaa maji. Kampire aliyatazama na kuona kwamba yamejaa maji, na ndani yake mwenyewe hapakutikisika kitu.

"Sema," alisema. "Ulibeba nani?"

"Tuyishime."

Akamwambia yote, akiegemea tanki. Shimo lilianguka baada ya mvua ya siku tatu. Walikuwa wanne waliochimba kumtoa, kwa sepeto na kwa mikono. Walimbeba mpaka juu ya kilima kinachotazama mto, wakamzika wakiwa na matope mpaka shingoni, na mmoja aliyekuwa mkristo wa mahali pale akasoma sala.

"Alisema kitu?"

"Hapana, Kampire. Tulimukuta ameisha kufa. Ningeweza kukudanganya aliita jina yako."

"Usinidanganye tena."

"Sikudanganye tena."

Alingoja uchungu uje. Alisimama pale akiungoja kabisa, kwa adabu, kama unavyomngojea mgeni aliyesema atafika. Watu walikuwa wanatoka ukumbini, wanaongea habari za maharage. Uchungu haukuja. Aliona tu kwamba shati la Jean de Dieu lina kifungo cha rangi tofauti.

"Alhamisi Gasana anakuja kwetu," alisema. "Ulijua?"

"Nilisikia."

"Ungeniacha nipelekwe Karuba?"

"Ningesema Jumatano."

"Ungesema?"

Jean de Dieu akafuta uso kwa kiganja. "Sijui. Kila siku nilisema kesho. Nilisema siku ukijua, hautarudi tena hapa, sitakuona tena siku ya Mungu pale mbele. Ile njo dhambi yangu. Kampire, miye nilikupenda mbele hata ya..."

"Usiseme ile leo." Hakusema kwa ukali. "Leo ni siku ya mwenzako. Mama Verdiane iko kwake saa hii?"

"Iko."

"Twende umwambie. Mi nitasimama nawe, lakini kinywa ni chako."

Walishuka bonde, yeye mbele, kijana nyuma. Angetaka kumchukia. Angetaka kumpiga kofi la kusikika mpaka parokiani. Lakini hata hasira inataka nguvu, na alichokuwa nacho ni miguu tu ya kumfikisha kwa Verdiane.

Verdiane alikuwa uani, juu ya mkeka, anachambua maharage na jirani yake Françoise. Alipomwona Jean de Dieu uso wake ulifunguka, kwa maana kijana huyu alikuwa anampitia kila wiki, anamsalimia, anamkatia kuni.

"Mutoto wangu, karibu. Ikala," alisema, akamsogezea kiti kidogo.

Jean de Dieu alibaki wima.

"Ikala, papa."

Hakukaa. Alivua kofia. Huku kwetu anayeleta habari ya kifo hapokei kiti cha nyumba ile, na mama aliyezaa na kuzika hahitaji kufundishwa jambo hilo. Verdiane alikitazama kile kiti kitupu kwa muda mrefu. Françoise aliacha kuchambua.

"Njo yeye?" Verdiane akauliza.

"Njo yeye, Mama."

"Lini?"

"Iko miezi minane."

"Miezi minane." Alirudia polepole. "Na kuni ulikuwa unanikatia."

"Nisamehe, Mama."

"Sijui bado kama nitakusamehe. Simama pale."

Akafungua kitambaa chake cha kichwa, nywele nyeupe zikabaki wazi, na Françoise akatoa ile sauti ya kwanza, ya juu, inayosikika mlima kwa mlima. Haukupita muda wanawake wakaanza kufika kutoka pande zote, wengine na watoto mgongoni, wengine bado na majembe. Maharage yakazolewa, mikeka ikatandikwa. Kila mmoja alikaa anapostahili kukaa: dada za marehemu karibu na mama, wake za kaka nyuma yao, majirani pembeni. Kampire alibaki kwenye ua, karibu na miti ya uzio, mahali pa wapita njia. Hapakuwa na mtu aliyemfukuza. Hapakuwa pia na mahali palipokuwa pake.

Verdiane ndiye aliyemtafuta kwa macho.

"Weye," alisema. "Unafanya nini kule? Kuja huku."

Akasogea kwenye mkeka wake mwenyewe, akaacha nafasi upande wa kulia, mkono akaupigapiga pale. Kampire alikwenda, akakaa. Wanawake wakatazamana, maana nafasi ile ni ya mjane na hakuna mwingine. Verdiane akamfungua naye kitambaa cha kichwa, kwa mikono yake.

Ndipo Libérata alipoingia. Alikuwa amepanda mbio kutoka kwake, kanga imefungwa upande. Alitoa pole kwa Verdiane inavyopasa, kwa heshima yote, kisha akainama sikioni mwa binti yake, lakini sauti ya Libérata haikuumbwa kwa kunong'ona na wote walisikia.

"Kampire, simama twende. Pole tumeisha kutoa. Hapa haiko pahali pako."

Kampire alibaki amekaa. 

"Mama Kampire," Verdiane alisema, "muache."

"Dada, ninalia nawe, Mungu ananiona. Lakini binti yangu haiko mujane. Alhamisi kuna watu wanakuja. Wakisikia alikaa hapa, kichwa wazi, nitawaambia nini? Ngombe za mutoto wako hazikufikaka kwangu."

 Verdiane alimtazama Libérata bila chuki. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na alizungumza kama anayemweleza mtu njia.

"Hazikufika, ni kweli," alisema. "Alienda kuzitafuta. Njo zilimuua."

Libérata alibaki ameinama vile vile.  Alimtazama binti yake, kichwa wazi, mikono juu ya mapaja, macho makavu yasiyotazama popote. Nadhani ndipo alipoona alichokuwa anataka kumpelekea Gasana.

Akavua viatu. Akavisukuma pembeni, akakanyaga mkeka, akakaa nyuma ya Kampire, pale mama wa mjane anapokaa.

"Nitaambia Sebarenzi atume muntu Karuba leo," alisema kwa sauti ambayo safari hii ilikuwa ya chini kweli. "Aseme wasije. Aseme tuko na kilio."

Kisha akamkumbatia binti yake kutoka nyuma, kwa mikono miwili, kidevu begani, na Kampire akasikia kifua cha mama yake kinatetemeka mgongoni pake. Alitaka kumwambia, mama, usilie, niko sawa. Neno la sawa lilifika kooni likakataa kutoka. Kilichotoka ni kingine, kikubwa, kilichokuwa kimelala miezi minane, na kilipoanza hakikuuliza ruhusa ya mtu. Kampire aliita Tuyishime kwa jina lake, mara ya kwanza kwa kunong'ona, mara ya pili kwa sauti, mara ya tatu mpaka ng'ambo ya bonde wakasimamisha majembe, akamlilia mbele ya watu wote kama mke anavyomlilia mumewe.